Mgunga Mmoja kwa Mwaka Mzima

Mchoraji wa rangi za mafuta anayesubiri Isiolo iwe kijani ndipo atoe brashi atapata majuma machache tu ya kazi kila mwaka, na mwaka ambao mvua imekataa hatapata hata hayo. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaotaka kuchora mimea ya huku huanza kwa kuuliza maua yako wapi. Wanapanda gari hadi Meru kutafuta bustani, na huku wameacha nyuma yao nchi nzima ya miti inayoishi, inayozaa na kufa kwa utaratibu ambao hakuna bustani itakayowafundisha.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanautumikia. Chagua mmea mmoja ulio karibu na unapolala, ukae nao mwaka mzima, uuchore katika kila hali yake kuanzia mbegu hadi ukuni. Kiangazi ndicho sehemu kubwa ya maisha ya mmea wa Isiolo. Usikihesabu kuwa likizo ya mchoraji. Rangi ya mafuta nayo hukauka polepole na hupakwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ina subira ya kufuatana na maisha ya namna hiyo.

Uchague mmea kwa ukaribu, uzuri utaujua baadaye. Anayeishi Bulla Pesa au Kambi Garba atajifunza zaidi kutoka kwa mti ulio nje ya ua wake kuliko ule wa hifadhi ya Shaba unaohitaji gari, mafuta na ada ya langoni. Anayeanza nampendekezea mgunga wa mwavuli, ule ambao vitabu vya mimea viliuita Acacia tortilis na siku hizi huuita Vachellia tortilis. Waborana huuita dhadacha, Wasamburu ltepes, Waturkana ewoi. Yaulize majina haya na uyaandike kwenye daftari lako, maana anayekutajia jina la mti mara nyingi ataendelea kukuambia unatumika kwa nini, mbuzi wanaupenda lini, na mwaka gani ulikauka.

Uutazame vizuri kabla ya kufungua tyubu yoyote. Mgunga huu una miiba ya aina mbili katika tawi moja: mirefu, myeupe, iliyonyooka, na mifupi, ya kahawia, iliyopinda. Mti mchanga ni kichaka kilichojifunga, matawi yake yanaanzia karibu na ardhi. Ule mwavuli tunaoujua ni sura ya uzee. Ukichora mche wenye mwavuli umechora kitu kisichokuwepo. Shina la mti mzima lina mipasuko, na matawi yake makubwa huinuka kwanza, kisha hulala. Yachore hayo kwa kalamu ya risasi mpaka mkono uyazoee. Rangi haitaficha mkono usiojua tawi linaota wapi.

Sasa kuhusu mwaka wenyewe. Waborana wana Ganna, mvua za Machi hadi Mei, na Hagaya, mvua za Oktoba hadi Desemba, na kati ya mvua hizo ni Bona, kiangazi. Tumia mgawanyo huu badala ya ule wa majira manne uliomo katika vitabu vya uchoraji vya Ulaya, ambao hautakusaidia kitu Garbatulla wala Merti. Lakini usidhani mmea unafuata kalenda kwa nidhamu. Mgunga mmoja huchanua vishada vyake vyeupe vyenye harufu tamu wakati jirani yake bado yuko mtupu, na manyunyu ya eneo moja huamsha kilima kimoja na kuacha kingine. Kila mchoro mdogo unaoufanya uandike tarehe, saa, na hali ya mti: majani machanga, ua, ganda bichi, ganda kavu, matawi matupu. Baada ya mwaka utakuwa na kumbukumbu ambayo hutaipata dukani kwa bei yoyote.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambacho wengi hukikimbia, kiangazi kirefu, maganda yanapokomaa. Ganda la mgunga hujisokota, huwa na rangi ya mchanga mkavu, na hudondoka kwa wingi chini ya kivuli. Mchungaji huja na mti mrefu wenye ndoana, hutikisa matawi, na mbuzi hukusanyika hata kabla ya ganda la kwanza kugusa ardhi. Pasua ganda moja uone. Utakuta mbegu ndogo ngumu, na mara nyingi mojawapo ina tundu dogo la mviringo, mlango wa mdudu wa jamii ya fukusi aliyekulia ndani yake na kutoka. Mbegu nzima zinazomezwa na mbuzi, baadhi hupita tumboni bila kusagwa na kutoka katika mavi yake mbali na mti mama, ganda la nje la mbegu likiwa limelegea tayari kupokea maji. Watafiti waliofanya kazi Turkana Kusini waliandika mwaka 1995 jinsi migunga michanga inavyoota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa, palipokuwa na zizi. Mchoraji anayetafuta picha ya mzunguko wa uhai aende akatafute boma lililohamwa miaka kadhaa iliyopita: mabaki ya uzio wa miiba yakiwa yameoza, ardhi ya samadi iliyo nyeusi kuliko ardhi ya kando, na ndani yake miche ya migunga iliyoota tangu mbuzi walipoondoka. Kifo cha uzio, chakula cha mbuzi na kuzaliwa kwa msitu viko katika fremu moja, na hukulazimika kubuni chochote.

Kiangazi pia ndicho wakati wa waridi la jangwani. Mmea huu wenye shina nene huchanua maua mekundu ya waridi ukiwa karibu hauna jani, juu ya mawe meusi ya volkeno. Uuchore, lakini usiung'oe kuupeleka nyumbani, na usiuguse kisha ukashika brashi kwa meno. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa zamani waliutumia kwenye mishale.

Kuna zawadi nyingine ya kiangazi ambayo mchoraji wa Isiolo anaweza kuitumia moja kwa moja. Kaunti hii ni miongoni mwa zile ambako gundi ya mgunga aina ya Senegalia senegal hukusanywa na kuuzwa kama gamu arabika. Mti huitoa unapojeruhiwa na unapobanwa na ukavu. Mvua ikirudi na majani yakachipua, gundi hupungua. Gundi hiyohiyo ndiyo inayoshikilia rangi za maji duniani kote. Haichanganyiki na mafuta, kwa hiyo usijaribu kuitia kwenye rangi za mafuta, lakini itakufaa sana kwa michoro ya nje kabla ya kurudi kwenye turubai. Ponda gundi safi, iloweke katika maji ya moto yasiyochemka yenye uzito mara mbili ya gundi, iache usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa. Tia asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Kwa rangi yenyewe chukua udongo mwekundu, ukoroge katika ndoo ya maji, subiri kidogo mchanga utue, mwaga yale maji ya matope katika chombo kingine, yaache yatulie, kisha kausha unga laini uliobaki chini. Udongo wa manjano ukichomwa kwenye sufuria ya bati hugeuka kuwa mwekundu, kwa hiyo kutoka shimo moja unapata rangi mbili. Saga unga huo na gundi juu ya kioo hadi usisikie chembechembe chini ya kisu.

Nasisitiza michoro hii ya rangi za maji kwa sababu Isiolo ina mfano wake. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa sababu ya simba Elsa, alikuwa mchoraji wa mimea kabla hata simba huyo hajazaliwa. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na akawa anachora kwa rangi za maji mimea waliyoikusanya safarini. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Baada ya kuolewa na George Adamson mwaka 1944 aliishi Isiolo, ambako mumewe alikuwa afisa wa wanyamapori wa wilaya ya mpaka wa kaskazini, na ni katika Shaba, ndani ya kaunti hii, alikouawa Januari 1980. Kazi zake nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Nenda ukazione kwa macho yako. Hesabu stameni, angalia jinsi jani linavyoshikana na kikonyo. Huyo ni mtu aliyefundishwa kwamba mmea una viungo, na kila kiungo kina mahali pake.

Hata hivyo, kuna mpaka wa mfano huo. Mchoro wa kisayansi huliweka ua kwenye karatasi nyeupe, limetengwa na udongo, mdudu na mbuzi. Ni sawa kwa kazi yake. Kwa mchoraji wa rangi za mafuta anayetaka kusema jambo kuhusu uhai na kufa, mwalimu bora ni Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1830 na kuzunguka dunia akichora mimea kwa rangi za mafuta palepale ilipoota. Jumba lenye zaidi ya picha zake 800 lilifunguliwa katika bustani ya Kew, London, mwaka 1882, na mwaka uliofuata alifika Shelisheli. Alifanya kazi haraka, kwenye karatasi, na nyuma ya ua aliacha kilima, mto, mti mwingine, wakati mwingine ndege au mdudu. Na kabla yake alikuwepo Maria Sibylla Merian, aliyesafiri kutoka Uholanzi hadi Surinam mwaka 1699. Katika kitabu chake cha mwaka 1705 aliweka kwenye ukurasa mmoja mmea, yai, kiwavi, buu aliyelala na kipepeo. Hizo ni nyakati tofauti, zimekaa pamoja juu ya tawi moja, na jicho halilalamiki. Unaweza kufanya vivyo hivyo na mgunga wako: tawi moja lenye ua upande huu na ganda kavu upande ule, ikiwa daftari lako linakuthibitishia kwamba yote mawili umeyaona.

Turubai. Si lazima ununue ya bei ghali kutoka Nairobi. Kitambaa cha pamba cha marekani kilichowambwa vizuri kwenye fremu ya mbao kavu kinatosha, mradi ukipake gundi ya kuziba kisha praima angalau mara mbili. Mafuta ya mbegu za kitani yakigusa pamba tupu, kitambaa huoza taratibu kwa miaka. Fikiria pia kwamba mafuta hayo yametoka kwenye mbegu, tapentaini kwenye utomvu wa misonobari, na kitambaa kwenye tunda la mpamba. Unaposimama mbele ya turubai tayari unafanya kazi na mimea iliyovunwa.

Kuna mchoraji aliyelichukua jambo hili mbali zaidi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba kutoka Uganda, ambacho utengenezaji wake UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Gome hubanduliwa, shina likafunikwa kwa majani ya migomba, na mti huota gome jipya na kuvunwa tena. Gome likipondwa huwa na matundu na mishono, na Armitage huyaacha matundu hayo yaamue picha ikae vipi. Sikuambii ukimbilie lubugo. Nakuambia tu uangalie jinsi kovu la mti lilivyoachwa lifanye kazi ndani ya picha, halafu urudi kwenye kitambaa chako cha pamba ukiwa na macho mapya.

Kuhusu rangi, nunua chache. Msweden Anders Zorn, aliyefariki mwaka 1920, anakumbukwa kwa kibao cha rangi nne: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Kwa Isiolo hicho ni kibao cha kufaa sana, kwa sababu kijani cha huku si kile cha nyasi za Limuru. Changanya nyeusi na manjano ya udongo uone: kinatoka kijani kizito cha zeituni, ambacho ndicho hasa cha jani la mgunga lililopigwa na vumbi. Ongeza tyubu ya tano ya buluu ya altramarini kwa ajili ya anga na milima ya mbali, basi. Kijani kilichotengenezwa kiwandani kiache dukani kwa mwaka wa kwanza. Kumbuka pia kwamba ardhi nyekundu hurusha mwanga juu, kwa hiyo upande wa chini wa mwavuli wa mgunga una joto la rangi ya udongo. Kivuli cha kijivu kitupu kitaiua picha yako.

Vitabu vingi vitakuambia chumba cha kuchorea kiwe na dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii upande huo. Vimeandikiwa Ulaya. Isiolo iko karibu kabisa na ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini. Tafuta badala yake ukumbi wenye paa lililotokeza mbali, au funika dirisha kwa kitambaa cheupe chepesi. Nje, chora kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, kisha jioni kuanzia saa kumi na nusu. Adhuhuri kivuli cha mti hukaa miguuni pake na umbo lote hubapa. Machweo yetu ni mafupi, kwa hiyo amua picha kabla jua halijashuka, usianze kuitafuta wakati huo.

Sheria ya tabaka ndiyo inayovunjwa zaidi, na joto la huku huifanya iwe kali. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, limelainishwa kwa tapentaini. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta zaidi. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka; hunyonya oksijeni hewani na kugeuka kuwa ngozi ngumu, ikianzia juu. Ukiweka tabaka lenye mafuta kidogo juu ya lile lenye mafuta mengi, la juu litakuwa limeshaganda huku la chini likiendelea kusogea, na picha itapasuka. Anza mchoro kwa kahawia ya udongo iitwayo amba, maana hukauka haraka. Nyeusi hukauka polepole, usiirundike chini. Hapa ndipo mwaka wa mti na mwaka wa turubai vinapokutana: weka shina na matawi kiangazi kwa tabaka jepesi, yaache yakauke sawasawa, rudi mvua zikinyesha uongeze majani machanga kwa rangi yenye mafuta zaidi, na maganda uyaweke yakiwa yamefika. Ukiipa turubai miezi kati ya tabaka, fizikia ya rangi iko upande wako.

Vumbi la alasiri litakusumbua. Turubai mbichi iegemeze ukutani uso ukiangalia ndani, iinuke kidogo kutoka sakafuni, lakini usiifungie gizani kwa majuma mengi kwa sababu mafuta ya kitani hugeuka manjano yakikosa mwanga. Na tafadhali, vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Vikibanana hupata joto vyenyewe, vikaweza kuwaka moto bila kiberiti. Viloweshe maji na uvifungie kwenye kopo la bati, au uvitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke. Katika nyumba ya mabati chini ya jua la Isiolo, hili linaweza kuokoa maisha ya watu.

Kuna mmea utakaokushawishi uvunje utaratibu wote huu: mathenge. Wakati mingine yote imekauka, mathenge ni kijani, kando ya barabara na mabonde, na mchoraji aliyechoka na kahawia hukimbilia kwake. Mti huu ulitoka Amerika ya Kusini na ya Kati, ukapandwa kaskazini mwa Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, na mifugo wakautawanya kwa kula maganda yake matamu. Sasa umeziba malisho na njia za maji katika sehemu nyingi. Sisemi usiuchore. Chora mathenge ukijua ni nani anayekufa chini yake: nyasi zilizokosa mwanga, miche ya migunga isiyopata nafasi. Picha ya kijani kizuri isiyoonyesha hilo inamdanganya mtazamaji, na wafugaji wa hapa watajua mara moja kwamba umedanganya.

Ukame mkali ni suala zito zaidi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na familia nyingi za kaunti hii zilipoteza karibu mifugo yote. Mchoraji wa mizunguko ya uhai hawezi kuuruka wakati kama huo, lakini pia hawezi kuuchuma. Mzoga wa ng'ombe ulikuwa mali ya mtu, pengine mahari, pengine karo. Mtafute mwenye ng'ombe huyo, mwombe ruhusa, mwambie picha inaenda wapi. Akikataa, geuza kiti chako uchore mti. Na usiishie kwenye mifupa. Mwishoni mwa 2023 mvua kubwa ilifika, Ewaso Ng'iro ikafurika, na nyasi zikatoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala udongoni muda wote huo. Aliyechora mifupa mwaka 2022 na hakurudi kuchora nyasi zilizoota pale mwaka uliofuata alikusanya nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo magazeti ya ng'ambo yanayoitaka kila mara.

Ukienda mtoni kuchora mikoma, usiende peke yako. Ndovu hupita kando ya Ewaso Ng'iro wakati wowote, mamba wako majini, na mtu aliyezama katika picha hasikii. Nenda na mchungaji anayeijua njia, umlipe muda wake kama unavyomlipa fundi yeyote. Ndani ya Shaba au Buffalo Springs fuata maelekezo ya askari wa wanyamapori, na usivunje tawi hata la kielelezo. Chukua tu yaliyoanguka nje ya hifadhi. Mmea usioujua jina mpigie picha jani, ua, tunda na gome, uandike mahali ulipouona, kisha uwaulize wataalamu wa hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Usiharakishe vanishi. Picha iliyopakwa rangi nyembamba ipe miezi sita hadi mwaka. Yenye rangi nene ipe zaidi. Muda huo utumie kuionyesha. Kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi wa Nairobi au mwenye hoteli, ipeleke kwa mama anayeuza maziwa au mzee aliyechunga chini ya miti hiyo tangu utotoni, na usimwulize kama ni nzuri. Mwulize ni msimu gani. Akitazama maganda na majani akakuambia ni mwezi wa mbuzi kunenepa, au kwamba Hagaya imechelewa mwaka huo, picha yako imekamilika. Akisema mti huu hautoi ganda ukiwa na majani kama haya, rudi kwenye daftari uangalie tarehe, kisha urekebishe tawi hilo kabla ya kutia saini. Mwulize pia, ukishamaliza mgunga, ni mti gani anaona ufuate.